Ada Moja, Foleni Tofauti: Bei ya Kuileta Familia Marekani

Kumwombea ndugu yako ahamie Marekani kunaanza na fomu I-130. Tangu Aprili 2024 ada yake ni dola 675 kwa anayeijaza kwenye karatasi na dola 625 kwa anayeituma kwa intaneti. Raia wa Marekani mwenye asili ya Manila, Guadalajara, Bujumbura au Tanga hulipa kiasi kilekile. Lakini mwishoni mwa mwaka 2024, kaka na dada waliozaliwa Mexico waliokuwa wanaitwa kuchukua viza ni wale walioombewa mwanzoni mwa mwaka 2001. Waliozaliwa Tanzania, Kenya au Kongo, walioitwa mwezi uleule, walikuwa wameombewa mwaka 2007. Ada ni moja, ofisi ni moja, na kati yao kuna pengo la miaka 6.

Pengo hili lina maneno yake mitaani. Waafrika Mashariki wakikutana ughaibuni, msibani au harusini, haikosi mtu wa kulinganisha jamii: Wafilipino wanaletana ukoo mzima, Wahindi wanashikana, Wamexico wanapita mlango wa nyuma, Wasomali wanaunda undugu wa kubuni, na sisi tumeachana kila mtu na lwake. Maneno haya yanawaumiza watu ambao hawana kosa. Ukiyaweka mezani pamoja na hesabu, utaona kwamba tabia ya jamii inaeleza kidogo sana. Yanayoeleza zaidi ni mahali mtu alipozaliwa, mlango aliopitia wa kwanza katika familia, na orodha ya watu ambao sheria inakubali kuwaita ndugu.

Bei iliyoandikwa

Tuanze na gharama zinazojulikana. Tuseme mwanamume mwenye ukazi wa kudumu, yaani grini kadi, anamwombea mke na watoto wao wawili walioko Moshi. Ombi moja linawabeba wote watatu, dola 675. Ada ya viza ni dola 325 kwa kila kichwa, kwa hiyo 975. Kukaguliwa kwa hati ya udhamini ni dola 120. Viza zikitoka kuna ada ya uhamiaji inayolipiwa kabla ya kadi kutengenezwa, dola 235 kila mmoja, jumla 705. Ukijumlisha unapata dola 2,475, ambazo kwa bei ya dola ya mwaka 2024 ni zaidi ya shilingi milioni 6 za Tanzania. Hapo hujalipia kipimo cha afya, tafsiri ya vyeti, nauli ya kwenda kwenye usaili, tiketi tatu za ndege, wala wakili.

Akiamua kusubiri hadi apate uraia, hesabu inabadilika kwa namna ambayo huwashtua wengi siku ya kulipa. Ada ya kuomba uraia ni dola 760 kwa karatasi. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa mwenzi wa raia, mtoto wake asiyeoa wala kuolewa aliye chini ya miaka 21, na mzazi wake hawana kikomo cha idadi kwa mwaka. Hawapangi foleni ya nchi. Ila ombi moja haliwabebi tena wote. Kila mtu anahitaji fomu yake, kwa hiyo 675 inalipwa mara tatu. Ni fedha nyingi, lakini anayeweza kuzilipa amenunua miaka.

Kisha kuna kipato. Mdhamini anatakiwa kuthibitisha kwamba mapato yake hayapungui asilimia 125 ya mstari wa umaskini uliowekwa na serikali. Kwa kaya ya watu wanne mwaka 2024 hiyo ilikuwa dola 39,000 kwa mwaka, na kwa kaya ya wawili dola 25,550. Linganisha na kima cha chini cha mshahara cha taifa, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu mwaka 2009. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima bila likizo, anapata dola 15,080. Hawezi kumdhamini hata mke peke yake. Ili awalete mke na watoto wawili anahitaji kulipwa dola 18.75 kwa saa, na ndiyo maana utakuta baba anatoka kiwandani asubuhi na kuingia kwenye kazi ya kulea wazee jioni. Anatafuta malipo, na pia anatafuta ile namba ya kuandika kwenye fomu.

Sheria inaruhusu mdhamini wa pili. Katika kipengele hiki kidogo, jamii zinaachana kabisa. Familia ya Kifilipino ambayo shangazi yao alifika kama muuguzi miaka ya 1970 ina binamu wenye nyumba na mishahara mizuri, na kupata saini ya pili ni suala la simu moja. Familia ya Kikongo iliyofika mwaka 2019 imezungukwa na watu waliofika mwaka 2018, wote wakilipa kodi ya nyumba kwa shida. Hawapungukiwi upendo, wanapungukiwa miaka 40 ya kutangulia. Saini yenyewe nayo si nyepesi. Mdhamini anabaki na wajibu wa kisheria hadi aliyeletwa apate uraia au atimize robo 40 za mwaka za kazi, yaani takriban miaka 10. Ndoa ikivunjika, wajibu haukatiki.

Jedwali la kila mwezi

Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali linalosomwa na mamilioni ya watu kwa hamu kuliko gazeti lolote. Kwenye sehemu ya familia lina safu tano za nchi. Safu ya kwanza ni ya dunia nzima isipokuwa nchi zilizotajwa, kisha zinakuja China, India, Mexico na Ufilipino. Kwenye kila kisanduku kuna tarehe. Ombi lako likiwa limepokelewa kabla ya tarehe hiyo, zamu yako imefika. Tarehe husogea mbele wiki chache, husimama miezi, na mara nyingine hurudi nyuma.

Tarehe hizo zinatokana na hesabu ya kugawanya. Sheria imetenga viza 226,000 kwa mwaka kwa ndugu walio nje ya lile kundi lisilo na kikomo. Kaka na dada wa raia wamepewa 65,000, na watoto wa raia walioolewa au kuoa wamepewa 23,400. Halafu kuna kanuni kwamba wazaliwa wa nchi moja wasizidi asilimia 7 ya viza zote za familia na kazi, ambayo ni 25,620 kwa mwaka. Mexico, yenye watu zaidi ya milioni 120 na mpaka wa pamoja na Marekani, ina kikomo sawa na Burundi.

Ukiishusha asilimia 7 hadi kwenye kundi la kaka na dada, nchi moja inabaki na viza zipatazo 4,550 kwa mwaka. Na ndugu haji peke yake, kwa kuwa mke wake na watoto wake wanakula hesabu hiyohiyo. Familia zikiwa za watu watano, viza 4,550 zinatosha familia 910 tu. Katika kundi la watoto waliooa au kuolewa, nchi moja inabaki na viza kama 1,638, ambazo ni familia 410 za watu wanne. Idadi halisi hupanda na kushuka kidogo kutegemea viza zisizotumika kwingine, lakini ukubwa wa tundu ndio huo. Upande wa pili wa tundu kuna orodha ya watu takriban milioni 4 duniani kote, na Mexico peke yake ina zaidi ya milioni 1.

Sasa mfikirie mtoto. Baba yake anaombewa na dada yake raia wakati mtoto ana miaka 10. Baada ya miaka 17, ambayo mwishoni mwa mwaka 2024 ndiyo ilikuwa foleni ya safu ya kwanza, mtoto ana miaka 27. Kikomo ni 21. Sheria ya mwaka 2002 ya kulinda umri wa watoto humpunguzia muda ambao ombi lilikuwa linashughulikiwa ofisini, lakini haimpunguzii muda wa kukaa foleni. Wazazi wanapanda ndege, yeye anabaki. Jambo hili huzikuta familia za Kifilipino na za Kimexico mara nyingi zaidi, kwa sababu foleni zao zilikuwa zimevuka miaka 20, na mtoto aliyeombewa akiwa bado ananyonya alikuwa mtu mzima siku wazazi wake walipoitwa. Anayesema Wafilipino wanaletana ukoo mzima ameona siku ya kuwasili uwanja wa ndege, hakuiona miaka 20 iliyotangulia, wala waliofutwa njiani.

Miaka hiyo ina bei yake. Anayetuma dola 100 kila mwezi nyumbani akisubiri, kwa miaka 17 ametuma dola 20,400. Kwa miaka 23 ametuma 27,600. Ada zote nilizohesabu hapo juu ni sehemu ndogo ya kiasi hicho, na ndiyo maana mjadala wa ada kupanda dola 100 au 200, ingawa ni wa haki, haugusi mzigo mkubwa zaidi.

Kitu kingine ambacho jedwali hili linafundisha ni kwamba halijui kabila wala dini. Linajua hospitali uliyozaliwa iko nchi gani. Chukua binamu wawili wa Kigujarati, mmoja amezaliwa Dar es Salaam, Upanga, na mwingine Ahmedabad. Wana babu mmoja, wanakula chakula kimoja, wamesomea uhandisi uleule, wote wameajiriwa Marekani na waajiri wao wamewaombea ukazi katika daraja la pili la viza za kazi. Oktoba 2024, aliyezaliwa Dar es Salaam alikuwa anaitwa kama ombi lake ni la kabla ya katikati ya Machi 2023. Aliyezaliwa Ahmedabad aliitwa kama ombi lake ni la kabla ya katikati ya Julai 2012. Tofauti yao ni zaidi ya miaka 10, na watoto wa huyu wa pili, walioingia wakiwa wadogo, hupoteza hadhi ya kumtegemea baba wakifikisha miaka 21. Kwa hiyo hata ukisema "Wahindi" unakuwa umewachanganya watu ambao mbele ya jedwali hawafanani hata kidogo.

Foleni hizi zilitoka wapi

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na historia yake inaeleza kwa nini baadhi ya jamii hudhani babu zao walikuwa hodari kuliko wageni wa leo. Kituo cha Ellis Island, New York, kilipokea watu takriban milioni 12 kati ya mwaka 1892 na 1954. Waliokataliwa walikuwa karibu asilimia 2. Miaka ya Waitaliano na Wayahudi wa Ulaya Mashariki kumiminika, mhamiaji hakuhitaji viza. Kodi ya kichwa ilikuwa dola 2 mwaka 1903 na ikapanda kuwa dola 4 mwaka 1907. Baba alitangulia, akafanya kazi, akatuma tiketi, na mke na watoto wakamfuata. Walio wengi walikaguliwa na kuachiwa kwa saa chache. Mjukuu wa watu hao anaposema "babu yangu alifuata sheria," anasema kweli. Asichokisema ni kwamba sheria aliyoifuata babu ilimtaka apande meli, awe na afya, na asiwe Mchina.

Wachina walifungiwa mlango mwaka 1882, na yaliruhusiwa makundi machache tu kama wafanyabiashara, wanafunzi na watoto wa raia. Mwaka 1906 tetemeko na moto uliofuata San Francisco viliteketeza kumbukumbu za vizazi. Wachina wengi wakadai kuwa walizaliwa pale, hivyo ni raia, kisha wakaandikisha wana huko China. Baadhi ya nafasi hizo zilikuwa za wana halisi, nyingine ziliuzwa kwa vijana wasio na njia nyingine. Serikali ikajibu kwa mahojiano katika kisiwa cha Angel Island, kilichotumika kuanzia mwaka 1910 hadi 1940. Kijana aliulizwa nyumba yao kijijini ina ngazi ngapi, nani anakaa nyumba ya tatu kutoka mwisho, pipa la mchele limewekwa wapi. Baba yake aliulizwa maswali yaleyale kando. Majibu yakipishana, mtoto halisi wa baba halisi aliweza kurudishwa. Wengine walikaa kizuizini wiki, wengine miezi. Marufuku ya mwaka 1882 ilipoondolewa mwaka 1943, nafasi zilizotolewa kwa watu wa asili ya Kichina, popote duniani walipozaliwa, zilikuwa 105 kwa mwaka.

Mwaka 1924 mlango ulibanwa kwa wengine pia. Kila taifa la Ulaya lilipewa asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa Marekani katika sensa ya mwaka 1890, yaani kabla ya wimbi kubwa la kusini na mashariki mwa Ulaya. Ujerumani ilipata nafasi 51,227, Italia 3,845. Kwenye orodha hiyo imo Tanganyika, nafasi 100. Imo pia Ruanda-Urundi, nafasi 100. Anayejiuliza kwa nini hakuna vizazi vinne vya Waswahili mjini Chicago au Boston kama walivyo Waitaliano, anaweza kuanza na namba hizo.

Sheria ya mwaka 1965, aliyoitia saini Rais Lyndon Johnson tarehe 3 Oktoba chini ya Sanamu ya Uhuru, ilifuta mgawo wa mataifa na kuipa familia kipaumbele. Nia ya baadhi ya waliosukuma kipengele cha familia, akiwemo mbunge Michael Feighan wa Ohio, ilikuwa kulinda sura ya Kizungu ya nchi. Walihesabu kwamba wenye ndugu wa kuwaita ni Wazungu, kwa hiyo wataita Wazungu. Kaka na dada wakapewa sehemu kubwa kuliko kundi lolote, asilimia 24 ya viza za nusu ya mashariki ya dunia. Hesabu yao ilikosea. Ulaya ilikuwa imeshatajirika na watu wake hawakuwa na haraka. Wauguzi wa Kifilipino, madaktari wa Kihindi na wanafunzi wa Kikorea waliingia kwa milango ya kazi na masomo, wakapata uraia, wakawaita ndugu. Waafrika nao, waliokuwa takriban 80,000 mwaka 1970, sasa wamevuka milioni 2.

Mlango wa kwanza

Wamexico wanahitaji kuelezwa peke yao. Kati ya mwaka 1942 na 1964 Marekani iliwaleta kwa mikataba rasmi ya kilimo, mikataba ipatayo milioni 4.6, na walioletwa walikuwa wanaume bila wake wala watoto. Mpango ulifungwa, mashamba hayakufungwa. Mwaka 1976 Mexico ikawekewa kikomo cha viza 20,000 kwa mwaka kama nchi nyingine. Njia za watu kwenda na kurudi zilikuwa zimeshakanyagwa kwa miaka 20 na zaidi, na waajiri walikuwa bado wanawasubiri.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1996. Aliyekaa nchini bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akatoka, anafungiwa miaka 3. Aliyekaa mwaka 1 au zaidi anafungiwa miaka 10. Angalia inavyowagawa watu wawili walioolewa na raia wa Marekani siku moja. Wa kwanza ni Mkenya aliyeingia kwa viza ya masomo, ikaisha, akabaki miaka 6. Kwa kuwa alikaguliwa mpakani siku ya kuingia, anaweza kubadilisha hadhi yake akiwa hukohuko. Dola 675 za ombi na 1,440 za kubadilisha hadhi, jumla 2,115, na usiku analala nyumbani kwake. Wa pili ni Mmexico aliyevuka jangwa, naye amekaa miaka 6. Anatakiwa atoke aende Ciudad Juárez kwenye usaili, na hatua ya kutoka ndiyo inayomfungia miaka 10. Tangu mwaka 2013 anaweza kuomba msamaha kabla ya kutoka, ada yake ikiwa dola 795 tangu Aprili 2024, na kusubiri jibu kumekuwa kukichukua zaidi ya miaka 3. Lazima aonyeshe kwamba mwenzi au mzazi wake mwenye uraia au ukazi atapata mateso makubwa. Mateso ya mtoto, hata akiwa raia wa kuzaliwa, hayahesabiwi yenyewe.

Wote wawili walivunja sheria ya ukazi kwa muda uleule. Ndoa zao ni halali sawasawa. Kinachowatofautisha ni muhuri wa siku ya kwanza, na muhuri huo aliupata aliyeweza kulipa karo ya chuo na kuonyesha akaunti ya benki. Mwenzetu aliyepita njia hiyo asimcheke Mmexico. Amshukuru Mungu, na akae kimya.

Nani ni ndugu

Kwa Waswahili wengi wa Kongo na Burundi, mlango wa kwanza umekuwa ukimbizi, na bei yake ni ya aina nyingine. Mkimbizi halipi ada ya viza. Akifika, ana miaka 2 ya kuwaombea mwenzi na watoto chini ya miaka 21 aliowaacha, kwa fomu I-730, bila ada. Nauli ya ndege ni mkopo usio na riba, unaoanza kulipwa miezi michache baada ya kufika, kwa hiyo familia ya watu 8 kutoka kambi ya Nyarugusu huanza maisha na deni la tiketi 8. Kabla ya hapo kuna kusubiri. Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996, na wapo waliozaliwa humo wakaoana humo kabla ya kuitwa. Wapo waliofika Marekani kuanzia mwaka 2006 na 2007 katika kundi la Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao walikuwa wameishi uhamishoni zaidi ya miaka 30.

Tatizo la mkimbizi ni orodha. Sheria inamtambua mke mmoja. Inamtambua mtoto wa kulea kama aliasiliwa kwa hati kabla hajatimiza miaka 16. Sasa mtu amekimbia Uvira au Fizi, huko Kongo, na watoto wake watatu, na njiani amechukua wawili wa marehemu kaka yake. Wamekua pamoja kambini, wanamwita baba, hakuna mahakama iliyoandika chochote, na hakuna aliyeona haja. Kwetu mtoto wa kaka yako ni mwanao. Mbele ya afisa, wawili hao si watoto wake.

Mwaka 2008 jambo hili liligharimu maelfu ya watu. Marekani ilianza kupima vinasaba vya waombaji wa mpango wa kuunganisha familia za wakimbizi jijini Nairobi, wa kwanza wakiwa watu 500 hivi, wengi Wasomali na Waethiopia, kisha ikapanua hadi watu wapatao 3,000 katika nchi kadhaa zikiwemo Uganda na Ghana. Taarifa ikasema undugu wote uliodaiwa ulithibitika katika chini ya asilimia 20 ya familia. Namba hiyo ilisambaa kama ushahidi kwamba Waafrika wanaghushi ndugu, hasa Wasomali. Wachache walisoma sentensi iliyofuata, kwamba familia ilihesabiwa kutothibitika hata kama ni mtu mmoja tu ndani yake aliyekosa kulingana, au kama kuna aliyekataa kupimwa. Familia ya watu 9 yenye yatima mmoja wa vita iliingia kwenye kapu moja na genge la wauza nafasi. Ulaghai ulikuwepo, na mimi siutetei, kwa sababu nafasi iliyouzwa iliibwa kwa mtu. Lakini kipimo cha vinasaba hakiwezi kumtofautisha mlaghai na mjomba aliyelea. Mpango ukasimamishwa, na haukufunguliwa tena hadi Oktoba 2012. Miaka 4 ilipita, na kwa mtoto wa miaka 18 miaka hiyo ilikuwa yote aliyokuwa nayo.

Naona mstari mmoja kati ya kijana wa Kichina aliyeulizwa idadi ya ngazi na yatima wa Kisomali aliyepanguswa mate mdomoni kwa ajili ya kipimo. Jamii ambazo hati zao ziliteketea, kwa moto au kwa vita, hutakiwa kuthibitisha mapenzi yao kwa njia ambayo Mwitaliano wa mwaka 1907 hakuwahi kutakiwa.

Mlango wa ukimbizi nao haudumu. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi 100,034, na karibu mmoja kati ya watano alitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Januari 2025 mpango ulisimamishwa, na kikomo kilichowekwa kwa mwaka wa fedha wa 2026 ni watu 7,500 kwa dunia nzima. Juni 2025 wananchi wa Somalia walizuiwa kuingia na wa Burundi wakawekewa mipaka, ingawa wakati huo wenzi, watoto na wazazi wa raia walibakiziwa nafasi kwa ushahidi wa kutosha. Hapo ndipo dola 760 za uraia zilipoonekana thamani yake.

Mimi hukumu yangu ni hii: kikomo cha asilimia 7 kwa kila nchi ndicho kipengele kinachozidisha dhuluma kuliko vingine vyote, na miaka 10 ya sheria ya 1996 inakifuata kwa karibu. Kuvibadili kuko mikononi mwa Bunge la Marekani. Yaliyo mikononi mwetu ni madogo, lakini yana uzito. Mwandikishe mtoto RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, au kwa msajili wa nchi yako, akiwa bado mchanga. Ndoa ya kimila au ya msikitini itafutiwe cheti cha serikali. Mtoto wa marehemu ndugu yako, mwasili mahakamani kabla hajatimiza miaka 16. Kwenye fomu ya kwanza kabisa, iwe ya bahati nasibu ya viza au ya ukimbizi, taja mwenzi na kila mtoto, hata aliyezaliwa nje ya ndoa, hata unayedhani hatakwenda, maana aliyeshinda bahati nasibu na kumwacha mtoto nje ya orodha hupoteza viza ya familia nzima. Na wewe uliyetangulia, mwenye kipato kinachovuka kiwango, jirani yako wa Bukavu akikuomba saini ya pili, soma masharti yake kwa makini, kisha ukiweza, mtilie.